Harrow: Fedha za barabara zilivyowafikia watoto wa shule

Zaidi ya miaka 440 iliyopita mkulima mmoja wa Uingereza alitenga mali kwa ajili ya mambo mawili: shule na barabara. Shule ilikwenda mikononi mwa matajiri. Fedha za barabara ndizo zilizokuja kuwafikia watoto wa kawaida.

Leo tunakupeleka Harrow, kaskazini-magharibi mwa jiji la London, mahali ambapo jina lake limevuma duniani kwa sababu ya shule moja kongwe iliyojengwa juu ya kilima. Hapo ndipo walikosoma mshairi Lord Byron, Winston Churchill aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru.

Lakini chini ya kilima hicho kuna maelfu ya watoto wasiosoma shule hiyo wala hawatarajii kuisoma. Hao huenda katika shule za Serikali zilizo karibu na nyumba zao. Miongoni mwao wapo wajukuu wa watu waliozaliwa Kampala, Jinja, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Swali la makala haya linawahusu wao: fedha na ushirikiano unaozisaidia shule za umma hutoka wapi, na ni nani anayeamua zimfikie mtoto yupi?

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza jina moja linalowababaisha wageni. Huko Uingereza, maneno yenye maana ya "shule ya umma" hutumiwa, kinyume cha matarajio, kuziita shule chache za kale ambazo ni za watu wenye uwezo. Zamani neno hilo lilimaanisha kwamba shule iko wazi kwa mtoto kutoka popote nchini, mradi mzazi wake aweze kulipa. Leo ada ya shule ile ya kilimani inazidi pauni 50,000 kwa mwaka. Katika makala haya, msikilizaji, tukisema shule za umma tunamaanisha zile zinazogharimiwa na kodi ya wananchi, ambazo mtoto huingia bila kulipa.

Mkulima na amana zake mbili

Mtu aliyeanzisha habari yote hii aliitwa John Lyon. Hakuwa mwana wa mfalme wala askofu. Alikuwa mkulima mwenye shamba lake katika kitongoji cha Preston, ndani ya parokia ya Harrow. Mnamo mwaka 1572 alipata hati kutoka kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza ya kuanzisha shule ya bure kwa wavulana wa parokia yake. Miaka sita baadaye, mnamo mwaka 1578, aliweka amana ya pili, ambayo pato lake lingetumika kuzitengeneza barabara mbili zinazotoka London kuelekea Harrow. Barabara hizo leo zinajulikana kwa majina ya Harrow Road na Edgware Road.

Msikilizaji wa Lamu, Mombasa au Unguja hatapata taabu kuelewa jambo hili, kwa maana linafanana sana na wakfu. Mtu hutenga shamba, nyumba au mnazi, mali ikashikwa na wasimamizi, na pato lake likatumika kwa msikiti, kwa kisima, kwa wasafiri au kwa wanafunzi, hata baada ya mwenyewe kufariki. Visiwani Zanzibar ipo hadi leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Sheria za Uingereza ni nyingine, lakini nia ni ile ile: sadaka isiyokatika.

Wala asishangae mtu kusikia kwamba barabara iliwekewa wakfu. Katika Uingereza ya karne ya 16, kutengeneza njia au daraja kulihesabiwa kuwa tendo la huruma sawa na kumlisha maskini. Jambo la kuzingatia ni kwamba hati ya Malkia iliwaweka watu wale wale, yaani wadhamini wa shule, kuwa pia wasimamizi wa amana ya barabara. Mifuko ilikuwa miwili, na mikono iliyoishika ilikuwa mimoja.

John Lyon alifariki mwaka 1592, na mkewe Joan akafariki mwaka 1608. Jengo la kwanza la shule lilikamilika mwaka 1615. Kanuni alizoziandika Lyon mwaka 1591 zinaonyesha jinsi alivyoifikiria shule yake. Mzazi alitakiwa ampe mwanawe karatasi, wino, kalamu, vitabu, na mishumaa ya kusomea wakati wa baridi. Alitakiwa pia ampe upinde na mishale mitatu, kwani kulenga shabaha kulikuwa sehemu ya malezi ya kijana. Wasichana hawakuruhusiwa kamwe.

Ndani ya kanuni hizo kulikuwa na kifungu kimoja kilichoonekana kidogo. Mwalimu aliruhusiwa kupokea wavulana kutoka nje ya parokia, na hao wangelipa ada.

Mlango ulioachwa wazi

Kifungu hicho kidogo ndicho kilichoigeuza shule nzima. Mwalimu aliyepata kipato kutokana na wanafunzi wa nje alikuwa na kila sababu ya kuwatafuta wengi zaidi. Kufikia karne ya 18, familia za mabwana wakubwa zilikuwa zikiwapeleka watoto wao Harrow, na mtoto wa fundi au wa muuza duka wa mji huo akawa mgeni katika shule iliyoanzishwa kwa ajili yake. Masomo yenyewe yalikuwa ya Kilatini na Kiyunani, ambayo hayakumfaa sana kijana atakayerithi duka la baba yake.

Wananchi wa Harrow hawakunyamaza. Mwaka 1809 waliwapeleka wadhamini mbele ya Mahakama ya Chancery mjini London, wakidai kwamba amana ya John Lyon imepotoshwa. Hukumu ilitolewa mwaka 1810 na Jaji Sir William Grant, nayo ilikuwa upande wa wadhamini. Kanuni ziliruhusu wageni, na wageni waliendelea kuja.

Baadaye wakuu wa shule wenyewe walitafuta njia ya kuwapoza wenyeji. Mwaka 1853 mwalimu mkuu Charles Vaughan alifungua darasa la pembeni kwa watoto wa wafanyabiashara wa hapo mjini. Mwaka 1876 wadhamini wakaanzisha shule ya pili, ambayo leo inaitwa The John Lyon School, mahsusi kwa wavulana wa Harrow. Hata hivyo, shule hiyo nayo sasa ni ya kulipia, na tangu mwaka 2021 inapokea wasichana pia.

Hapo pana funzo la kwanza, msikilizaji. Hakuna aliyeiba mali ya John Lyon. Hati zilifuatwa na mahesabu yaliwekwa. Lakini kila penye njia mbili, moja ya mtoto anayelipa na nyingine ya mtoto asiyelipa, fedha zilivuta upande mmoja. Msaada wa elimu unaweza kuhama kutoka kwa mlengwa bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Serikali yachukua jukumu

Watoto walioachwa nje walisubiri hatua za Bunge. Sheria ya mwaka 1870 iliunda bodi za shule katika maeneo yaliyokosa shule za msingi za kutosha. Sheria ya mwaka 1902 ilizikabidhi halmashauri jukumu la elimu, na ile ya mwaka 1944 ikafanya elimu ya sekondari katika shule za Serikali itolewe bila ada. Harrow ilikuwa wakati huo chini ya mkoa wa Middlesex. Mnamo tarehe 1 Aprili 1965, Harrow ikawa moja ya manispaa 32 za London, ikiwa na mamlaka yake ya elimu.

Mamlaka hiyo changa haikukaa muda mrefu kabla ya kupokea wanafunzi ambao haikuwatarajia.

Wageni kutoka Afrika Mashariki

Itakumbukwa kwamba baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, Waasia wengi waliokuwa na hati za kusafiria za Uingereza walianza kuhama. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwabana, na wengi wakakimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa. Kisha, mwezi Agosti mwaka 1972, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Wengi walipitia kwenye kambi za muda, zikiwamo zilizokuwa za kijeshi, wakiwa na masanduku machache na nguo zisizofaa kwa baridi.

Hawakupokelewa kwa mikono miwili kila mahali. Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, na wengine walihamia kaskazini-magharibi mwa London: kwanza Wembley na maeneo mengine ya Brent, na kadiri miaka ilivyopita wengi wakasogea Harrow. Katika sensa ya mwaka 2021, Harrow ilikuwa na watu takriban 261,000, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wenye asili ya Asia.

Kwa shule, swali la kwanza lilikuwa la lugha na walimu. Serikali kuu ilikuwa imeweka kifungu cha 11 katika sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1966, kilichoziruhusu halmashauri zenye wahamiaji wengi kutoka Jumuiya ya Madola kulipiwa sehemu ya mishahara ya walimu wa ziada, sehemu ambayo baadaye ilifikia asilimia 75. Msaada huo ulisaidia, lakini ulikuwa na kasoro. Mara nyingi ulimtazama mtoto kama tatizo la Kiingereza, si kama mtu aliyekuja na lugha mbili au tatu kichwani.

Mwaka 1985 ripoti ya tume iliyoongozwa na Lord Swann ilisema kwamba lugha za nyumbani za watoto hao zilindwe na jamii zao wenyewe, na kwamba halmashauri zisaidie, kwa mfano kwa kuzipatia jamii hizo majengo ya shule baada ya saa za masomo. Wapo waliolaumu kwamba Serikali imekwepa wajibu. Lakini kwa watu waliotoka Afrika Mashariki, agizo la kujitegemea halikuwa geni.

Katika enzi za ukoloni, shule za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitengwa kwa rangi. Jamii za Waasia zilijichangia na kujenga shule zao, na serikali za kikoloni zikaongezea ruzuku. Shule ya kwanza ya Aga Khan katika Afrika Mashariki ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1905. Utaratibu huo ulikuwa na upande wake wa giza, kwani mtoto wa Kiafrika mara nyingi aliachwa nyuma kabisa. Hata hivyo, ulifundisha kizazi kizima namna ya kuunda kamati, kukusanya michango na kukagua hesabu.

Ujuzi huo ulisafiri nao. Katika mtaa wa Wood Lane, Stanmore, ndani ya manispaa ya Harrow, kipo kituo kikubwa cha Makhoja Shia Ithnaasheri ambao wengi wao wana asili ya Afrika Mashariki. Madrasa za mwishoni mwa juma, madarasa ya Kigujarati, na baadaye shule za Jumamosi za Wasomali na jamii nyingine zilienea kaskazini-magharibi mwa London. Huko mtoto hufundishwa lugha ya wazazi, dini, na mara nyingi hisabati na Kiingereza pia. Mwaka 2008 shule ya kwanza ya Kihindu inayogharimiwa na Serikali nchini Uingereza, Krishna-Avanti, ilifunguliwa katika manispaa hiyo hiyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 1991: barabara zageuka madarasa

Sasa turudi kwa John Lyon na ule mfuko wake wa pili.

Ardhi iliyogharimia barabara ilikuwa mashamba katika sehemu ambazo leo ni Maida Vale na St John's Wood. Alipoitenga, ilikuwa nje ya London. Katika karne ya 19 jiji likaimeza, na mahali palipokuwa na malisho pakajengwa nyumba za thamani kubwa. Pato likaongezeka mno. Lakini sharti lilibaki lile lile, na kwa muda mrefu fedha zilikabidhiwa mamlaka za barabara, ingawa kazi ya kutengeneza njia kuu ilikuwa imekwisha kuwa wajibu wa Serikali.

Mwaka 1991, Kamisheni ya Mashirika ya Hisani ya Uingereza ilibadili masharti. Wadhamini waliruhusiwa kulitumia pato hilo kwa faida ya wakazi wa maeneo ambayo barabara hizo mbili hupitia. Hivyo likazaliwa shirika la John Lyon's Charity. Maeneo yake ni tisa: Barnet, Brent, Camden, Ealing, Hammersmith and Fulham, Harrow, Kensington and Chelsea, pamoja na Westminster na City of London. Shirika liliamua kuelekeza ruzuku zake kwa watoto na vijana, na tangu hapo limetoa mamilioni ya pauni kila mwaka.

Fedha hizo hazichukui nafasi ya bajeti ya Serikali. Huingia pale ambapo bajeti haifiki: vilabu vya baada ya masomo, michezo, sanaa, ushauri kwa watoto wenye misukosuko, na zile shule za Jumamosi tulizozitaja. Tangu mwaka 2010, Serikali kuu ilipoanza kupunguza matumizi na halmashauri nyingi zikafunga huduma za vijana, pengo lilionekana wazi. Katikati ya muongo huo shirika lilisaidia kuanzishwa kwa taasisi za kuunganisha vikundi vya vijana katika manispaa kadhaa, na ile ya Harrow ikaitwa Young Harrow Foundation. Kazi yake ni kuvileta pamoja vikundi vidogo, shule na halmashauri, ili visiombe msaada kila kimoja kivyake bila kujua jirani anafanya nini.

Na hapa, msikilizaji, ndipo historia inapokuwa na kejeli yake. Mfuko uliowekwa kwa ajili ya watoto wa parokia uliishia kuwahudumia watoto wa wenye nacho. Mfuko uliowekwa kwa ajili ya mawe na kokoto ndio uliokuja kumfikia mtoto wa dereva wa basi na wa muuguzi. Tofauti ni kwamba mwaka 1991 kulikuwa na chombo cha nje chenye mamlaka ya kuuliza: je, fedha hizi bado zinamfaa nani?

Je, fedha peke yake zinatosha?

Jiji zima la London linatoa jibu. Katika miaka ya 1990 shule za sekondari za London ya ndani zilikuwa miongoni mwa zenye matokeo mabaya zaidi Uingereza. Mwaka 2003 Serikali ilianzisha mpango ulioitwa London Challenge, na mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa Tim Brighouse, mwalimu na msimamizi wa elimu aliyeheshimika sana hadi kifo chake mwaka 2023. Mkazo wa kwanza uliwekwa katika manispaa tano: Hackney, Haringey, Islington, Lambeth na Southwark. Shule iliyoanguka haikufokewa tu. Ilipangiwa mwalimu mkuu mzoefu kutoka shule iliyofaulu, na walimu wake wakaenda kujifunza kwa wenzao.

Mpango huo ulimalizika mwaka 2011. Ripoti ya wakaguzi wa elimu ya mwaka 2010 ilieleza kwamba shule za sekondari za London kwa wastani zilikuwa zikifanya vizuri kuliko za maeneo mengine ya Uingereza. Lakini watafiti hawakukubaliana juu ya sababu. Mwaka 2014 utafiti mmoja ulionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa yameanza mapema zaidi, katika shule za msingi. Mwaka huo huo Profesa Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol alisema kwamba sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na watoto wa wahamiaji, ambao familia zao zina matumaini makubwa na elimu. Yaelekea hakuna anayestahili sifa zote peke yake. Walimu waliosaidiana, fedha zilizowafikia, na wazazi waliomwamsha mtoto Jumamosi asubuhi, wote wamo.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanayo mizani yao ya kulipima jambo hili. Kenya, kufikia miaka ya 1970, shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za Serikali, lakini nyingi zilikosa walimu wenye mafunzo. Tanzania, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 uliwafanya wananchi kujenga shule za kata karibu kila mahali, na hapo pia majengo yaliwatangulia walimu, vitabu na maabara. Mchango wa wananchi uliinua kuta. Kilichochelewa ni mkono wa pili, ule wa kumweka mwalimu bora ndani ya kuta hizo.

Tangu Januari 2025 Serikali ya Uingereza inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya ada za shule binafsi, ikisema kwamba mapato yasaidie shule za umma. Wapo wanaoiunga mkono hatua hiyo na wapo wanaoipinga. Kwa wakazi wa Harrow, mjadala huo si mpya. Mababu zao waliupeleka mahakamani mwaka 1809.

John Lyon alidhani ameandika kila kitu: karatasi, wino, mishumaa, hata mishale mitatu. Asichokiandika ni nani atakayerudi baada ya miaka mia kuhakikisha kwamba mtoto aliyekusudiwa bado yumo darasani. Yeyote anayechangia shule leo, iwe kwa pauni, kwa shilingi au kwa mfuko wa saruji, bado anadaiwa jibu la swali hilo.